Hodi ya Nne

Mwanangu, jana nimekuona umemsogezea muuza kahawa simu, unamrekodi anavyogonganisha vikombe vyake. Nikacheka peke yangu dirishani. Si kwa dharau. Nilikumbuka siku moja ya ujana wangu, nilipokaa chumbani nikasikia mtu anabisha hodi, nikatikisa kichwa kwa raha, na nisiende kufungua.

Ngoja nikueleze. Vuta mkeka, na hicho kidude ukizime kwanza.

Enzi hizo tulikuwa na kundi la muziki hapahapa Raskazone, watu watatu. Rehema ndiye aliyekuwa na masikio. Sefu ndiye aliyekuwa na mdomo. Mimi nilikuwa na nyumba. Usicheke, mwenye nyumba si mtu wa kudharauliwa, ingawa nyumba yenyewe ilikuwa ya mama na mimi nilikuwa na chumba cha uani. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani nikakaa, na kukaa kwenyewe nilikuwa nakujua hasa. Ndiyo maana waliniita Kobe.

Kundi tuliliita Makombo. Hatukupiga gitaa, hatukupiga ngoma, na kuimba ndiyo kabisa. Mimi nikiimba, paka wanahama mtaa. Sisi tuliokota sauti. Rehema alizunguka na kinasa sauti mkobani: mbuzi ya nazi inavyokuna, kengele za baiskeli njia ya sokoni, mashine ya mkonge, mlinzi wa jumba la jirani anavyokohoa. Akirudi, nazimwaga kwenye kompyuta ile yenye kisogo kikubwa, nazikata vipande, naviunga na kuvizungusha mpaka kikohozi cha mlinzi kinakuwa mdundo. Watu walituuliza, "Huu ni muziki, au fundi yuko kazini?" Mama alisema kama ni kelele, jikoni kwake zipo za kutosha, na zake mwisho wake ni chakula. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa. Polepole tukaanza kuitwa. Harusi moja walituzima kabla bibi harusi hajaingia. Hoteli moja ya Ushongo ilitustahimili mpaka mwisho. Kisha redio ya mjini ikatupa nafasi, na wimbo uliotutoa ukaitwa "Hodi".

Sauti ilikuwa ya Bi Mwanahamisi, aliyekuwa akiuza vitumbua mtaani kwetu, nyumba kwa nyumba, sinia kichwani. Hodi yake ilikuwa na mkunjo wake: inaanza chini, inapanda, halafu inakaa juu kidogo kama mtu anayechungulia ukuta. Rehema alimwomba ruhusa ya kumrekodi. Bi Mwanahamisi alicheka mpaka sinia likayumba. "Hodi yangu, mwanangu? Chukua, ninayo nyingine." Mwaka uliofuata aliugua, akatangulia mbele ya haki. Mtaa mzima ulikuwa matangani. Mumewe, Mzee Mbwana, akarudi Mwera kwenye minazi yao.

Sisi tukabaki na hodi. Nikaizungusha. Hodi, hodi, hodi, hodi, muda wa kuivisha sufuria ya wali, chini yake mbuzi ya nazi na kengele za baiskeli, na hakuna anayeitika. Ilikuwa tamu, nisikudanganye. Bwana mmoja wa Ulaya aliyekuja kupumzika Ushongo aliusikia, akapagawa. Akataka kuutoa kwenye santuri huko kwao, na sisi tukaupige mbele ya watu, tiketi juu yake. "Mlango usiofunguka," alimwambia Sefu, "ndiyo dunia ya leo." Neno hilo Sefu alilitembeza mji mzima, hata kwa kinyozi. Ilibaki tumpelekee wimbo uliokamilika, na safari ndiyo hiyo.

Basi siku hiyo niko chumbani na msuli wangu, hedifoni masikioni, naung'arisha wimbo. Nikasikia hodi ya kiume. Nzito, ya mtu mzima. Nikasema moyoni, "Ala! Sefu kaongeza sauti bila kuniambia. Si mbaya." Ikaja ya pili, nikatikisa kichwa. Ya tatu ikaingia nyuma kidogo ya mdundo, nikasema hii nitaisogeza. Halafu ikakoma. Nikaitafuta kwenye kompyuta, nisiione.

Nilipotoka kunywa maji, nikamkuta jirani yetu, Mama Asha, kashika kiuno.

"We Kobe, una wazimu? Mzee Mbwana katoka Mwera kaja kwako, kabisha hodi tatu, kageuka kaondoka. Na wewe umo ndani!"

"Sikumsikia, mama."

"Hukumsikia nawe unatikisa kichwa? Nimekuona dirishani kwa macho yangu!"

Mlangoni palikuwa na madafu, yamefungwa kwa kamba ya makumbi.

Wewe umekulia zama za simu. Mwenzako anakuandikia "niko nje" na unamjibu ukiwa kitandani. Kwetu mtu hubisha hodi mara tatu. Asipoitikiwa, anarudi alikotoka, na wala hana neno. Ila aliye ndani, kama alisikia akanyamaza, huyo kamfukuza mgeni bila kutumia mdomo. Na mimi nilikuwa nimesikia, tena nikafurahia.

Rehema alipopata habari alisema neno moja tu: "Mwera." Nikamwambia kichwa kinaniuma. Akaniambia kitaumia njiani. Asubuhi tukaenda watatu, juu ya gari la magunia. Sefu alinuna kwa sababu bwana wa Ulaya alikuwa anangoja wimbo. Mimi nilishika gunia kwa mikono miwili, kwa kuwa kobe akitolewa gambani hana tena la kujivunia.

Mlango wa Mzee Mbwana ulikuwa umerudishwa. Moshi wa jikoni ulikuwa unatoka, na tulisikia kikombe kikigonga sahani. Mtu yupo.

"Hodi!" nikaita.

Kimya.

"Hodi wenyewe!"

Kikombe kikagonga sahani tena. Sefu akaninong'oneza tuondoke. Nikaita ya tatu. Ukisimama hivyo, mwanangu, hata mikono yako inakuwa mizigo, hujui uiweke wapi. Tulikuwa tumeshageuka ndipo tukasikia kutoka ndani:

"Nawasikia tangu ya kwanza. Nilitaka mjue kusimama mlangoni kukoje. Karibuni."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Loo, na Kobe kaja! Basi leo mvua itanyesha."

Akatuketisha, akatupa chai na mihogo. Hakupandisha sauti hata kidogo. Afadhali angepandisha.

"Wimbo wenu mzuri," akasema. "Kijana mmoja wa bodaboda hapa kila akipita anao. Kichwa kinatikisika hata usipotaka. Lakini nina swali. Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Nyumba gani, babu?" Sefu akauliza.

"Hiyo anayobisha hodi mke wangu. Sisi hodi ni tatu. Ya nne ni ya mwizi, anapima kama kuna mtu. Nyinyi mmembishisha mpaka nimechoka mimi. Yuko mlangoni na sinia lake kichwani, hata 'leo hatutaki' hamkumwambia."

"Babu, ile ni sanaa tu."

"Sijasema si sanaa, mjukuu wangu. Nasema ikipita barabarani, hii miguu inainuka yenyewe kwenda kufungua. Nikifika mlangoni, nakuta vumbi la pikipiki." Akatumiminia chai nyingine. "Sikuja kwenu kugomba. Nilikuja kuwaombeni mumwitikie."

"Basi mwitikie wewe, babu," akasema Rehema, akatoa kinasa sauti na kunikabidhi.

Mzee Mbwana akakohoa, akakaa wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho, akasema "Karibu" kwa sauti ya kutangaza ajali. Tukarudia. Ya pili ikawa mbaya kuliko ya kwanza.

"Namkaribisha nani hapa?" akalalamika. "Mlangoni hakuna mtu."

Rehema akachukua redio ndogo ya kaseti tuliyokwenda nayo, akatoka nje, akarudisha mlango. Mzee Mbwana alikuwa anainama kushika birika. Kutoka barazani ikaja ile hodi, moja tu, inayoanza chini na kupanda.

"Pita," akasema bila kugeuka, "chai inapoa."

Halafu akabaki vilevile, ameinama, mkono juu ya birika. Sikuthubutu kuzima mashine. Sefu, mwenye mdomo wake, alikuwa anaitazama mihogo.

Tuliporudi niliujenga wimbo upya. Hodi tatu, zimeachana. Mbuzi ya nazi, kengele za baiskeli kwa mbali. "Pita, chai inapoa." Kikombe kinagonga sahani. Basi. Tukampelekea yule bwana, na jibu lake halikukawia: mmeuharibu, mlango umefunguka. Alitaka ule wa kwanza, na bila huo hakuna santuri wala safari.

Tukakaa chumbani kwangu kuamua.

"Tumpe," akasema Sefu. "Mzee hatausikia. Utapigwa huko huko kwao."

"Hatausikia yeye," akasema Rehema. "Nitausikia mimi."

Wakanigeukia wote wawili. Ningependa kukuambia kwamba nilisimama kama shujaa. Nilikuwa nimekaa kitandani, kashata mdomoni. Nikameza, nikasema, "Siwezi kumtoa tena Bi Mwanahamisi nje. Keshaingia."

"Wewe unaogopa ndege tu, Kobe!"

"Na hilo nalo lipo," nikamjibu.

Sefu aliubamiza mlango, na hakukanyaga kwetu masika yote na vuli yake. Santuri haikutoka, na Ulaya mpaka leo naiona kwenye kalenda. Makombo tukabaki wawili, tukipiga Pangani, Ushongo na hapa mjini. Lakini wimbo ule mfupi ulishika. Ikifika hodi ya tatu, ukumbi mzima ulikuwa unaitika, "Pita, chai inapoa!" Watu wakaanza kuitumia kauli hiyo hata majumbani, ulikuwa hujui mwenyeji ana chai kweli au anakutania. Mzee Mbwana alituambia kwamba sasa pikipiki ikipita anabaki kitini mwake, anangoja mpaka aisikie sauti yake, kisha anajicheka mwenyewe. "Yule mzee," anasema, "ana sauti mbaya."

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Alasiri moja niko na kazi zangu, hedifoni sikio moja. Tangu Mwera sikio la pili nimeliachia mlango. Nikasikia hodi nyembamba, ya mtu asiye na hakika. Nikaijua ni ya nani. Miezi yote ile nilikuwa nimemtungia maneno makali, nimeyapanga vizuri kuliko wimbo wowote. Angefika ya tatu angegeuka, na angekuwa na haki. Sikungoja ya pili.

"Pita," nikasema, "chai inapoa."

"Muongo wewe," akasema Sefu mlangoni. "Tangu lini Kobe akapika chai?"

Kweli, hapakuwa na chai. Alipika yeye, na aliijaza sukari kama kawaida yake.

Basi, mwanangu, rekodi. Sikukatazi, nitakukataza vipi, na mimi nilimfanya mlinzi kuwa ngoma? Kata, unga, zungusha mpaka majirani walalamike. Ila ujue kila sauti unayoikata ilikuwa inaelekea kwa mtu. Muuza kahawa hagonganishi vikombe kwa kujifurahisha, anamwita mnywaji; na jana ulichukua sauti yake ukaondoka, hata kikombe kimoja hukunywa. Kabla hujaizungusha, jiulize ilikuwa inamwita nani, kisha uache nafasi ya jibu. Akitokea wa kukuuliza, usimwambie ni sanaa tu. Mketishe, msikilize, hata kama safari itakupita. Ndege hata kesho zitaruka, lakini aliyegeuka mlangoni pako huenda asirudi. Na mliyegombana naye akija kubisha, usikae ndani ukamhesabia hodi.

Mola akupe masikio mawili yaliyo mazima, moja la kazi na moja la mlango. Nyumba yako isikose mwenye kubisha wala mwenye kuitika. Na kila utakapobisha wewe, hapa duniani na huko alikotutangulia Bi Mwanahamisi, uambiwe "pita" kabla hujafika ya tatu.