Bao Lililoingia Siku ya Mahari Yangu

Ukinikuta mtaani Bel-Air, wanakokaa wakwe zangu, nikipita nimeinamisha kichwa, sababu ni hii. Siku ya mahari yangu nilikaa mbele ya wakwe huku waya wa simu umefichwa sikioni. Kazini nilikuwa nimeapa mbele ya wenzangu kwamba nazijua timu nne za mpira za vyuo zitakazoingia play-off, yaani hatua ya mtoano. Tatu zilishaingia. Ya nne ilihitaji bao moja, na mechi ilikuwa inaisha.

Kwa desturi wanawake huletwa mmoja mmoja wamefunikwa kitenge, nawe unakataa mpaka umtambue wako. Wa kwanza nikatikisa kichwa. Wa pili pia. Jasho lilinitiririka, shangazi za mchumba wangu wakadhani ni mapenzi.

Wa tatu alipofika, bao likaingia. Nikaruka, mikono juu. Vigelegele vikapigwa, kitenge kikafunuliwa.

Alikuwa bibi yake mchumba wangu, mama yake baba mkwe.

“Mutoto, ni miye unachagula?”

Nikapiga magoti kuomba radhi. Waya ukachomoka, na simu ikatangazia ukumbi mzima kwamba mwamuzi amelikataa bao lile.

Baba mkwe akaniambia: “Mukwe, timu yako haikuingia. Na weye, unawaza utaingia?”