Taa ya Njano Njiani Masumbwe

Simu ilitoka Masumbwe: Baba Mkubwa, kaka yake Baba, amezidiwa na anamwita mdogo wake. Mgongo wa Baba hauwezi basi, hivyo nikatoa gari langu, lenye miezi michache tu tangu lishushwe bandarini. Fundi wangu wa Shinyanga alikuwa ameng'oa themostati yake, kidhibiti cha joto la injini, kama wanavyofanya huku kwa kila gari, ati nchi hii ni ya joto na injini lazima ipozwe muda wote.

Tulipofika Samuye, asubuhi bado ya baridi, taa ya njano ya injini ikawaka. Gia ya juu ikagoma kuingia, injini ikawa inalia bure. Nilitaka turudi.

"Linatembea?" Baba akauliza.

"Linatembea, lakini hiyo taa..."

"Basi twende. Kaka ananingoja."

Tinde nikaingia gereji. Fundi akasikiliza injini, akakata kipande cha utepe mweusi na kuifunika ile taa.

"Kaka, huku magari yote yanawaka taa. Limekulaza njiani?"

"Hapana."

"Basi ni zima hilo. Nenda."

Roho yangu ikakataa. Kwangu gari la kuaminika ni lile lisilolalamika. Kahama nikatafuta fundi mwenye kompyuta, tukapanga foleni. Baba alikaa kiti cha mbele, kofia magotini. Mchana ulikuwa umekwisha tulipopata jibu: bila themostati injini haipati moto wake, na gari linaizuia gia ya juu likingoja moto huo. Kifaa chenyewe hakikuwepo madukani. Tungeweza kuendelea hivyo hivyo, polepole, bila madhara. Tungeweza tangu Samuye.

Masumbwe tulifika jua limezama. Mama Mkubwa alitupokea mlangoni.

"Mwadila, shemeji. Poleni na safari," alimsalimu Baba kwa Kisukuma. "Alikuita mpaka alasiri. Sasa hasemi tena."

Baba akamshika kaka yake mkono, akamwita jina mara nyingi. Hakuitikiwa. Usiku huo akakata roho, kesho yake tukazika.

Safari ya kurudi nilikuwa nimechoka hata nikashindwa kuomba radhi. Nimejifunza kwamba huku gari zima ni lile linalofika kwa wakati, mengine ni makelele tu, na nimejifunza kwa kuchelewa. Tulipoipita Tinde Baba akafungua mdomo.

"Gari lako ni zuri, mwanangu. Njia nzima halikugoma hata mara moja."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.