Roho ya Baba Bila Boneti

Baba aliniachia Roho. Ni gari. Lile gari dogo la Kifaransa ambalo fimbo yake ya gia inachomoza kwenye dashibodi kama mpini wa mwavuli, na madirisha yake hayashuki bali husukumwa kando kama ya kabati la vyombo. Lina jina lake la kiwandani, lakini kwetu Musanda liliitwa Roho tu, na sikuwahi kukutana na mtu wa kunieleza sababu.

Baba alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Aliliendesha kwa mikono miwili, mgongo wima, akipitwa na baiskeli zilizobeba abiria, na kila alipopitwa alitikisa kichwa kumsikitikia mwenye baiskeli kwa haraka yake. Alipofariki, gari lilibaki kwenye kibanda nyuma ya jikoni, na kuku wakahamia kiti cha nyuma.

Mimi ni mchoraji ramani katika ofisi ya serikali mjini Kakamega. Naishi Amalemba na nimeshapita miaka hamsini. Siku moja niliona kwenye simu picha za watu wa ng'ambo waliochukua magari kama la baba, wakayapunguza paa, wakang'oa boneti ili injini ionekane, wakayafunga matairi mapana nyuma na kuyatia injini kubwa kuliko haja. Wiki nzima sikuwa na wazo jingine. Nikajiambia kwamba hiyo ndiyo itakuwa njia yangu ya kumuenzi marehemu. Mtu wa umri wangu akitaka kufanya upuuzi, huutafutia kwanza jina la heshima.

Nilienda Musanda kulichukua. Nilimwambia mama nataka kulitengeneza kidogo.

"Lichukue," alisema. "Lakini toa mayai kwanza."

Fundi niliyempata alikuwa mwanamke wa makamo mwenye banda la kuchomelea vyuma karibu na kwangu. Alijulikana kwa milango imara na kwa kutopenda maneno mengi. Nilimfungulia mchoro wangu, nilioupima kwa rula ya ofisi, mistari myembamba, vipimo pembeni. Aliutazama kwa muda.

"Unataka nipunguze paa?"

"Ndiyo. Shubiri moja."

"Na kichwa utakiweka wapi?"

"Nitainama."

"Boneti?"

"Tunaitoa kabisa."

"Mvua ikinyesha?"

"Wenye magari kama haya hawayaendeshi kwenye mvua."

"Hao wanaishi wapi?" aliuliza, kisha akavaa miwani yake ya kazi. Kwetu mvua huja karibu kila alasiri, na sote wawili tulilijua hilo.

Kazi ilichukua miezi. Injini tuliipata kwenye gari la Kijapani lililogongwa kwa nyuma. Ili iingie, fundi alilazimika kukata ukuta unaotenganisha injini na dereva, hivyo miguu yangu na chuma cha moto wakawa majirani. Kioo cha mbele kilipasuka tulipojaribu kukikata, tukaweka plastiki ngumu. Fundi hakuutazama tena ule mchoro. Niliukuta siku moja umefunika sufuria ya githeri, mahindi na maharage ya mchana. Mwishoni nilimwita mchoraji wa mabango ya maduka anichoree ndimi za moto ubavuni. Alichora kwa moyo wote, ila rangi ya kijani ilikuwa imembakia nyingi kuliko nyekundu, na watu wakaanza kuniuliza kama nauza sukuma wiki.

Mke wangu alikuja bandani mara moja tu. Alilizunguka gari, akanitazama nilivyojikunja ndani, magoti karibu na masikio.

"Wenzako wakifika umri huu wanatafuta mke wa pili," alisema. "Sijui kama nishukuru."

Siku nilipolitoa, mtaa mzima wa Amalemba ulitoka nje. Nilidhani ni kwa kustaajabu. Mwenye bodaboda mmoja alinisogelea kwa adabu, akazima pikipiki yake ili anisikie vizuri.

"Mzee, samahani. Hiyo mashine inasaga mahindi makavu tu, ama hata mabichi?"

Nilikuwa nimepanga mama asilione mpaka nipate maneno ya kumwambia. Lakini picha yake ilifika Musanda kabla yangu, na Jumamosi asubuhi mama akapiga simu.

"Nasikia gari ya baba yako imekatwa kichwa. Ilete niione."

Njiani nilitunga hotuba. Nilipita trekta za miwa moja baada ya nyingine, jambo ambalo baba hakuwahi kulifanya maishani mwake, lakini sikufurahia, kwa sababu miundi yangu ilikuwa inaiva na moyo wangu ulikuwa wa mtoto aliyevunja kikombe cha wageni.

Mama alitoka na ungo wa maharage. Aliuweka chini. Alilizunguka gari polepole, akapitisha kidole pale lilipochomelewa.

"Mama, nilitaka kumuenzi baba kwa namna ambayo..."

"Nyamaza kwanza." Alifika mbele, akachungulia injini iliyo wazi. "Linakimbia?"

"Sana."

"Baba yako angelia."

Niliinamisha kichwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Kwa lililofuata sikuwa nimejiandaa.

"Miaka yote nilikuwa namwambia, nifundishe kuendesha. Alikuwanga anasema hii gari ni nzito kwa mwanamke, hiyo gia itanitegua mkono. Anasema kesho. Kila siku kesho." Akapiga paa kwa kiganja. "Sasa wewe umeifanya nzito zaidi?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi nifundishe."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliingia ndani, akarudi amevaa viatu vya kufunga kamba na amekifunga kitambaa chake cha kichwa kwa kukibana, kwa sababu alikuwa ameshaona kwamba paa halina nafasi ya kilemba. Mama ana miaka sabini na tatu.

Tulikwenda kwenye njia ya murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, katikati ya mashamba ya miwa, ambako siku hiyo hapakuwa na mtu. Nilimweleza klachi, breki na mafuta. Nilieleza vizuri, kama ninavyoeleza ramani kwa watu wanaogombania mpaka, na yeye alisikiliza kama wao, yaani akinisubiri nimalize. Mara ya kwanza gari liliruka kama chura, likazima. Mara ya pili liliruka likaingia kwenye miwa, majani yakajaa juu ya injini na yakaanza kunuka sukari inayoungua.

"Mama, inatosha kwa leo."

"Tena."

Mara ya tatu lilikwenda. Lilikwenda moja kwa moja, kwa kunguruma, na mama akashikilia usukani kwa mikono miwili, mgongo wima kadiri paa lilivyomruhusu. Tulifika kwenye mkuyu, akasimamisha.

"Shuka."

"Mama?"

"Unapumua kwa nguvu, unanichanganya. Shuka. Nishikie mkoba."

Nilishuka. Gari likaondoka. Nilisimama njiani na mkoba wa mama begani, nikalitazama mpaka likapinda kona na miwa ikalificha. Nikabaki na sauti tu. Kisha nikasikia injini ikipanda, ikanyamaza kidogo, ikapokea tena kwa sauti nyingine, halafu vivyo hivyo mara ya pili. Alikuwa ameingiza gia ya tatu. Sikuwa nimemfundisha gia ya tatu.

Ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote ile, akiwa ameketi kando ya baba kwenda kanisani, mama hakuwa akitazama mashamba. Alikuwa akitazama mkono wa baba. Nilijisikia vibaya kwa ajili yake, halafu nikaanza kukimbia.

Nilimkuta dukani, kilomita moja na zaidi mbele, akinywa soda kwenye kivuli cha ukuta. Watu walikuwa wamelizunguka gari. Hakugonga kitu. Alinitazama nilivyotweta, akanipa chupa nimalizie.

"Gari zuri," alisema. "Uliharibu tu vitu viwili vitatu."

Sikurudi nalo Kakamega. Juma lililofuata mama mwenyewe alimwita fundi, bila kunihusisha, na fundi akaenda na mashine zake kurekebisha vile vitu viwili vitatu. Siku hizi mama anajifunza rasmi, pamoja na vijana wa umri wa wajukuu zake, na mwalimu wake ananiambia tatizo lake ni moja tu: hataki kupitwa. Nikienda Musanda huwa namkuta ameshaketi kwenye usukani, na mimi naelekezwa kiti cha nyuma, kwa sababu cha mbele amewekewa jirani yake, mjane mwenzake, ambaye safari nzima hatazami mashamba. Anatazama mkono wa mama.