Macho Mekundu Siku ya Poda

Mwanangu, siku niliyorudi Bunia na diploma ya umeme kutoka Kisangani naikumbuka kama jana. Nilikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kuipata, na sikusomeshwa na mtu. Nilipakua malori Komanda miaka miwili, nikajilipia masomo mwenyewe. Kwa hiyo usinieleze kwamba sijui utamu wa kumwagiwa poda kichwani, kama desturi yetu kwa anayepata diploma. Naujua kuliko wewe.

Sherehe ilikuwa kwa dada yangu, hapa mtaa wa Shari. Asubuhi ile mama alinivuta kando. Imani, binti wa dada, mwenye miaka minne, alikuwa amecheza na mtoto wa jirani aliyeugua surua.

"Ungoje kwanza," mama alisema. "Ule mutoto anaweza kuwa nayo ndani."

"Mama, siku kumi na moja zimepita! Iko na upele? Haiko. Miye niko na diploma."

"Diploma ya nyaya za umeme, papa. Mutoto haiko nyaya."

Sikumsikiliza. Wageni wakaja, poda ikamwagwa, nyumba nzima ikawa nyeupe. Imani alikohoa, macho mekundu, kamasi zinamtoka. "Poda ya mjomba imemuingia!" watu walicheka, nami nikacheka kuwashinda wote. Nikampa ampakate mdogo wake wa miezi saba, tupigwe picha.

Siku ya tatu upele ukamtoka Imani usoni. Yeye alipona. Wiki iliyofuata yule mchanga akashikwa na homa. Chanjo ya surua hutolewa miezi tisa, alikuwa hajaifikia. Ugonjwa ukamwingia machoni, na jicho la kushoto halikuona tena.

Muuguzi wa zahanati, mama mfupi asiyepaza sauti, alinigeukia mbele ya dada yangu. "Weye unajua hesabu. Shurua inajificha siku kumi mpaka kumi na ine, mara ingine inapita. Na siku ine mbele ya upele, mutoto anaambukiza tayari. Ulikuwa unangoja nini, barua?"



Yule mchanga ni baba yako. Sasa unajua kwa nini hugeuza shingo nzima ukimwita kutoka kushoto.

Na wewe juzi unanipigia simu: "Babu, mudogo wangu anakohoa tu, upele haiko, sherehe ya diploma yangu ni Jumamosi." Mdogo wako, ambaye darasani anakaa benchi moja na mgonjwa wa surua! Na nyumba yenu imejaa watoto wachanga wa ndugu zetu waliokimbia vita Djugu! Nimechoka, mwanangu. Mara ngapi nirudie?

Sikiliza basi. Hesabu tangu siku ya mwisho aliyokaa na mgonjwa, na umweke mbali na wachanga mpaka wiki tatu ziishe. Upele ukitoka, abaki nyumbani siku nne nyingine. Tetekuwanga nayo huambukiza siku moja au mbili kabla ya malengelenge, mpaka yote yakauke. Akikohoa na macho yakiwa mekundu, usisingizie poda wala vumbi. Mpeleke kwa muuguzi, na uwaonye wa zahanati mlangoni kabla hamjaingia, asiambukize wagonjwa wengine.

Sherehe isogeze. Diploma haiozi, yangu mpaka leo iko ukutani.

Mungu akulinde, awalinde wadogo wote wa nyumba hiyo. Siku ikifika nitakumwagia poda kwa mkono wangu, nikiwa nimesimama kulia kwa baba yako, anione.