Nilivyopunguza full backup ya redio yetu Masumbwe, na lile faili lisilo na maneno

Wakuu, salaam kutoka Masumbwe.

Natunza server ya redio ndogo ya jamii. Haya yamenitokea mwenyewe msimu huu wa mvua, na nayasimulia kama yalivyokuwa, hata pale yanaponiaibisha.

Server yetu ipo chumba cha nyuma ya studio. Mvua ikipiga bati, humo ndani unasikia maji na feni tu. Mtu anajikuta anasinzia macho wazi.

Kila Jumapili inapiga full backup, yaani nakala ya kila kitu kilichomo, kwenda kwenye external, disk ya pembeni ya TB mbili. Jumatatu moja nikakuta imekatikia njiani, disk imejaa. Kurudi nyuma kuangalia, wiki tano mfululizo ilikuwa inafeli na sikuwa nimefungua ripoti hata moja.

Server ingekufa siku hiyo, kazi ya zaidi ya mwezi ingepotea. Sikumwambia mtu.

Nikaanza kupekua. Kosa la kwanza ni langu. Nilikuwa naacha nakala ya backup kwenye server yenyewe, humo humo ndani ya folder ninayoipiga backup. Yaani kila full backup ilibeba iliyotangulia tumboni, na hiyo nayo ina nyingine tumboni.

Nikaitoa nje. Nikatoa mafaili ya muda (cache), kumbukumbu za mfumo za zamani (log) na nakala za database zisizo na kazi. Kutoka GB 900 ikashuka hadi 520.

Bado kubwa. Nilitaka nakala nne zikae pamoja kwenye disk ile ile.

Zilizobaki ni sauti, WAV tupu zisizobanwa hata kidogo, miaka na miaka. Nikaandika script, programu fupi, ipite kote iniorodheshee mafaili ambayo hayana mtu anayeongea. Niliamini ni takataka: majaribio ya mic, recorder iliyosahaulika ikiwa on. Mpango ulikuwa niyafute yote kwa mkupuo.

Sijui nini kilinifanya nivae headphone kwanza.

Faili moja liliitwa "kimya samuye". Dakika arobaini. Upepo unapita kwenye majani makavu. Mtu anafagia, anaacha, anafagia tena. Kengele za ng'ombe kwa mbali, zinasogea taratibu kama zinatembea ndani ya kichwa changu. Mtu anakohoa mara mbili. Maji yanamiminwa kwenye ndoo.

Nilisikiliza mpaka mwisho. Nilipovua headphone mvua ilikuwa imekatika na sikujua imekatika saa ngapi.

Nikamfuata Mama Ng'wasi, mtangazaji wetu wa kipindi cha Kisukuma. Ni mtu mzima, namwamkia shikamoo. Nikamwomba asikilize.

Alisimama tu pale, mkono mmoja ukishika headphone. Baadaye akavuta kiti.

"Anayekohoa ni mama yangu," akasema.

Akanieleza kwamba alikwenda nyumbani kwao Samuye kumrekodi mama yake hadithi za zamani. Mama akakataa kabisa kuongea na mashine, akaendelea na kazi zake. Recorder ikabaki kwenye kigoda ikiwa on. Mwaka uliofuata mama akafariki.

"Sauti yake nyingine hatuna. Ni hiyo."

Nikamweleza ukweli kwamba lilikuwa kwenye orodha ya kufutwa. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama mengine nimeyasikiliza. Sikuwa nimeyasikiliza.

Tukakaa mchana wa siku mbili, kila mmoja na headphone yake. Hii ni mvua ya Kharumwa kabla ya kuhoji wachimbaji, tunza. Hii ni mtu anapuliza mic, tupa. Zaidi ya nusu ilikuwa takataka kweli, script haikukosea sana.

Yaliyobaki, pamoja na mahojiano yote, nikayageuza kuwa FLAC, ambayo inapunguza ukubwa bila kupoteza sauti. Hapo nikajifunza kitu: sauti tulivu inabanika zaidi kuliko ya kelele. Faili la Samuye lilishuka kuliko mengi.

Full backup ikafika GB 310. Sasa napiga full mara moja kwa mwezi, na kila siku napiga incremental, inachukua kilichobadilika tu.

Wiki ya pili baada ya hapo radi ikapiga, disk ya server ikafa. Nilirudisha kila kitu kutoka kwenye backup hadi mashine nyingine. Kesho yake redio ikawa hewani. Tulipoteza rekodi za matangazo mawili ya asubuhi ile, ambazo hazikuwa zimeingia kwenye backup, basi.

Mama Ng'wasi akaomba nakala kwenye flash, akampelekea kaka yake huko Samuye. Aliporudi alinisimulia kwamba kaka alisikiliza, na kengele zilipokaribia akataja majina ya ng'ombe mmoja mmoja. Kisha akaomba waanze tena mwanzo.

Wakuu, nilichojifunza: soma ripoti za backup, usiweke backup ndani ya backup, na jaribu kurudisha kabla hujalazimika. Na kabla ya kufuta, muulize aliyerekodi. Mashine inajua ukubwa wa faili, haijui ni la nani.

Ninyi mnaotunza server za watu, huwa mnaamuaje kipi kibaki na kipi kitoke? Na kama kuna aliyewahi kufuta kitu akakijutia, aandike hapa chini, nitasoma kila neno.