Busu Linalozidi Kuwa Fupi

Fundi wa sinema yetu isiyo na paa hawashi mtambo kabla hajapachika kijitawi cha mrehani sikioni na kufuta lenzi mara tatu kwa pindo la shati. Ncha za vidole vyake zina makovu ya moto. Watalii wakinung'unika, hutoa kichwa dirishani: "Tulieni, kwani mna meli ya kuwahi?" Familia iliyofiwa hapa kisiwani, baada ya misa ya arobaini, humpelekea sahani ya ngano ya kuchemshwa yenye sukari, ile ya kumkumbuka marehemu. Hulamba sukari kidoleni, haulizi kitu. Jioni hiyo huonyesha filamu ile ile ya Wamarekani kuhusu mapenzi ya Ugiriki, iliyopigwa bandarini kwetu zamani, nusu ya kisiwa wakilipwa kupita nyuma ya wapenzi wanaobusiana.

Juzi, arobaini yake ilipotimia, ilikuwa zamu ya baba. Alitokea nyuma ya busu, kijana, kabeba kikapu cha pweza, na picha ikasimama. "Evdokia!" fundi akamwita mama. "Mumeo huyo! Mtazame mpaka utosheke." "Mwone, kanipita kama hanijui!" mama akasema, akicheka huku machozi yanamtiririka. Filamu ikisimama, taa huiunguza, na fundi anajua hilo kuliko sote. Doa jeusi lilipomfikia baba begani, ndipo akaichomoa kwa mikono mitupu. Asubuhi alituletea kile kipande chenye baba, alichokikata, Mungu amzidishie, kimefungwa kwenye karatasi ya sigara. Nilipokuwa mtoto busu lile lilikuwa refu. Siku hizi wapenzi wanakaribiana tu na kuachana, maana sehemu iliyobaki imo majumbani mwetu, kando ya picha za watakatifu.