Hodi ya Mwalimu Susu

Harufu ya mpira mpya uliofukizwa udi siiwezi. Juzi jirani yangu hapa Tanga alinunua mkeka wa mazoezi, ule mweusi wa mpira, akautandaza barazani wakati mkewe anafukiza nguo za kwendea harusini. Mimi nilikuwa nakwenda kuwarudishia sahani yao. Nilifika mlangoni, harufu ikanipokea, nikageuka na sahani yao mkononi mpaka nyumbani. Mume wangu akaniuliza kulikoni, nikamwambia nimesahau nilichokwendea. Nimesahau wapi! Ningekuwa mtu wa kusahau, sasa hivi ningekuwa mnene na mwenye furaha.

Ninyi nitawaambia. Harufu hiyo ni ya Doha, mtaa wa Al Sadd, ghorofa ya pili juu ya duka la miwani, kwenye jimu ya wanawake ya Madam. Mama alikwenda Qatar kumlelea Madam watoto. Watoto walipokua, wakawa hawahitaji tena mtu wa kuwafunga kamba za viatu, Madam akafungua jimu na mama akahamishiwa huko. Mimi nilimfuata nikiwa na miaka saba, bibi yangu alipofariki na baba akawa na mambo yake. Nilikwenda kwa hisani ya Madam, na neno hisani nililisikia nyumba ile kila chakula kilipotengwa. Tulikaa chumba cha uani kwake, nikasoma shule ya Wahindi, na kila mchana basi la shule lilinishusha chini ya jimu. Ukaazi wangu ulitegemea wa mama, na wa mama ulikuwa mkononi mwa Madam. Hilo nililijua kabla sijakariri tebo ya saba.

Kazi ya mama ilikuwa mlangoni. Wanawake wa pale waliingia wamejisitiri, na wakishavua mabaibui ndani walikuwa watu wengine kabisa, nywele zimeachiwa, suruali za kubana, vicheko mpaka chini kwenye miwani vinasikika. Kwa hiyo simu yenye kamera haikupita. Mama alizipokea, akazifungia kwenye vikabati vyenye namba, akampa mteja kibati chake. Asubuhi, kwa amri ya Madam, alifukiza udi ukumbi mzima ili kuua harufu ya mikeka. Harufu haikufa, zikawa mbili.

Mwaka mmoja kabla ya ile michezo mikubwa ya Asia kuja Doha, kila mwenye uwezo alikuwa anafungua kitu cha michezo, na Madam, asipitwe, akamleta Mjapani. Alikuwa mwanamke mfupi wa mabega mapana, umri wake unakaribia wa mama, masikio yamejikunja utadhani yamewahi kukanyagwa. Kumbe kweli yalikuwa yamekanyagwa. Mkono wake wa kushoto haukunyooka. Aliubeba umekunjika kidogo, kama mtu anayetoka sokoni na kikapu. Jina lake Setsuko. Mama alilijaribu siku mbili, ulimi ukachoka, akamwita Mwalimu Susu, na yeye akaitika.

Kati ya saa ya basi langu na saa ya wateja kulikuwa na kama saa nzima ya ukumbi mtupu, na katika saa hiyo ndipo nilipomjua. Kiingereza chake kilikuwa kibovu na changu kilikuwa cha darasa la nne, kwa hiyo tulielewana vizuri sana. Alikuwa mpiganaji wa ulingoni, wa ule mchezo unaochanganya vyote: ngumi, mateke, kubwagana, kunasana viungo. Alianza zamani, wakati wanawake wa kwao waliothubutu mchezo huo wangeweza kukaa wote kwenye benchi moja. Hakukuwa na kupanga watu kwa uzito. Ukijitokeza unapewa aliyepo, na yeye mara nyingi alipewa mtu mkubwa kumpita karibu nusu. Glavu zilikuwa za wanaume, vidole vinaelea ndani. Waliwekwa katikati ya mapambano ya wanaume, wakati watazamaji wanatoka kwenda kununua chakula, na aliniambia alizoea kupigana huku anaona migongo. Alfajiri alipakia wali kwenye visanduku kiwandani, jioni anakwenda kupigwa.

Alikuwa na faili la plastiki lenye vipande vya magazeti. Nilidhani nitaona picha kubwa, ulingo, damu. Vilikuwa vipande vyembamba, mistari miwili mitatu ya maandishi yao, na jina lake amelipigia mstari kwa kalamu nyekundu ili lisipotee. Picha ilikuwa moja tu, na ndani yake yeye yuko chini, mkono wake umevutwa na mwanamke wa kigeni, kiwiko kimekwenda upande ambao kiwiko hakiendi.

"Kwa nini hukugonga?" nilimuuliza, maana kanuni nilikuwa nimeshaijua. Ukinaswa unapiga kiganja mara mbili, aliyekunasa anakuachia, yamekwisha.

"Watu walikuwa wanatazama," akasema. "Siku ile tu hawakutoka kununua chakula." Kisha akafunga faili. "Walinipigia makofi sana kwa kutogonga. Hospitali nilikwenda mwenyewe, kwa treni. Wewe gonga mapema."

Baada ya hapo, akasema, walikuja wasichana wadogo wazuri, na waandaaji wakawataka wavae sketi fupi na kucheka na kamera. Yeye hakujua kucheka na kamera, na kiwiko nacho ndicho hicho. Simu zikaacha kulia. Hivyo ndivyo mtu aliyefungua mlango ule kwa kichwa chake alivyojikuta Al Sadd, anawafundisha wake za watu kumtupa mwizi ambaye hawatakutana naye maisha yao yote, maana hata sokoni hawakwenda bila dereva.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wake wa bure. Mara ya kwanza aliponinasa mkono nilishikwa na hofu, nikaupiga mkeka mara mbili, na mdomo wangu, kwa malezi ya bibi, ukatoa wenyewe, "Hodi!" Akaniachia, akauliza ni nini hicho. Nikamweleza: kwetu huingii kwa mtu hivi hivi, unagonga, unasema hodi. Na mwenye nyumba? Mwenye nyumba anasema karibu. Lo, alicheka mwanamke yule! Alicheka mpaka mama akachungulia. Tangu siku hiyo ikawa sheria yetu. Aliyenaswa anapiga mara mbili, hodi, na aliyenasa hana ruhusa ya kuachia mpaka aseme karibu. Mama alisema tunalitia wazimu neno la watu. Lakini nilimsikia naye siku moja, mlango wa kikabati umembana kidole, anauambia hodi.

Darasa la Mwalimu Susu lilipukutika. Wateja walitaka kucheza muziki na kupungua tumbo, si kuviringishana, na walibaki watatu, wawili wao wanakuja kupiga soga. Madam akaanza kusema mezani kwamba Mjapani anamtia hasara. Nami kule shuleni nilikuwa nimejaa sifa tele. Nilimwambia kila mtu kwamba mwalimu wangu ni bingwa wa dunia. Bingwa wa dunia hakuwa, nililiongeza mwenyewe, lilinoga.

"Wacha, usinibebe ufala," akasema Wanjiru. Huyu alikuwa Mkenya, baba yake mpishi wa hoteli, na ndiye pekee darasani mwenye simu ya kamera, aliyorithi kwa kaka yake. "Leta picha tuone."

Akaniazima. Niliitia kwenye mkoba wangu wa shule, ule wa zambarau wenye kifungo kilichovunjika, nikapita nayo mlangoni. Mama alikuwa anapekua mikoba ya watu wazima. Wangu aliupapasa kwa nje, akaniuliza kama nimekula.

Mwalimu Susu alipoiona simu alisita. Alitazama mlangoni. Sheria aliijua kuliko mimi, ilikuwa imebandikwa ukutani kwa lugha tatu. Nikamwambia ni ya kuwaonyesha watu shuleni, wanataka kumwona. "Wanataka kuniona mimi?" akauliza, akajishika nywele. Akavuta fulana yake ikanyooka, akasimama katikati ya mkeka, akainua mkono mzima juu na ule mbovu akauficha nyuma ya mgongo. Akacheka na kamera. Hakuna kitu kinachoniuma kama kicheko kile, kwa sababu alikijua kumbe, hakuna tu aliyewahi kumwomba.

Sikuona kilichokuwa nyuma yake. Mteja mmoja alikuwa amewahi, mkwe wa nyumba kubwa, amekaa kwenye benchi anachana nywele, mabega wazi. Picha ilikwenda kwa Wanjiru, kwa Wanjiru ikarushwa kwa blututhi, simu kwa simu, dada kwa kaka, na haikumaliza wiki mbili ikawa imeingia kwenye nyumba ile kubwa yenyewe.

Madam alituita ofisini mchana, sote watatu. Picha ilikuwa mezani, imechapishwa kwenye karatasi. Aliongea polepole, na hapo ndipo nilipoogopa, maana Madam hupiga kelele akiwa mzima. Alisema familia ile inataka mtu. Aliuliza simu iliingiaje, na hapo akamtazama mama. Kisha akaweka kidole juu ya uso wa Mwalimu Susu na kumuuliza ni nani aliyepiga.

Mimi nilikuwa naitazama kona ya chini ya karatasi. Palikuwa na kitu cha zambarau, kidogo, na kifungo kilichovunjika. Mama alikuwa anapatazama papo hapo. Mkono wake ulikuwa begani kwangu, na vidole vikaingia nyamani.

Mwalimu Susu hakumtazama Madam. Alinitazama mimi. Aliinua kiganja cha mkono wake mbovu, akakipiga mezani mara mbili, taratibu, pa, pa. Akangoja.

Alingoja kwa muda ambao ningeweza kusema sentensi nzima. Mama alizidi kubana. Nikatazama viatu vyangu.

"Khalas," Madam akasema. Aliona mtu amekubali kosa. "Siku tatu, ufungashe."

Chumbani nililia, nikamwambia mama twende tukaseme. Mama alikuwa anakunja taulo, akawa anakunja taulo lile lile tena na tena. "Tukaseme nini? Mwalimu Susu ana kwao," akasema. "Sisi tukirudi, tunarudi wapi? Bibi yako nani wa kumfukua?" Baadaye, nilipokuwa sinyamazi, akaniambia, "Amejitolea kwa ajili yako. Mwombee." Jina lake halikutajwa tena chumbani mwetu. Siku aliyoondoka nilikuwa shuleni, Wanjiru ananiomba radhi nami namwitikia kwa kununa, kana kwamba kosa ni lake.

Tulibaki Doha miaka mingine sita. Nikamaliza masomo, mama akajenga, tukarudi. Na neno lile la mama nikaliishi: amejitolea. Lilikuwa neno zuri, unaweza kulala nalo. Niliwasimulia hata watu, mwanamke shujaa asiyegonga kamwe, akagonga mara moja tu kwa ajili ya mtoto wa mlinda mlango. Walisisimka, nami nikajisikia vizuri, mshenzi mimi.

Kisha siku moja, nimeshaolewa, nikaona kwenye simu ya shemeji yangu pambano la wanawake. Uwanja umefurika, taa, nchi nzima inapiga kelele, na hakuna aliyetoka kwenda kununua chakula. Mtangazaji akasema hawa ndio waanzilishi. Nilimtukana, shemeji akashtuka. Nikalitafuta jina la Setsuko, nikapata ukurasa wa mistari michache: aliowapiga, waliompiga, na lile pambano la kiwiko. Picha ilikuwa ile ile, yuko chini.

Pale kwenye simu, mmoja wa wale wasichana alinaswa mkono. Alipiga mara mbili, haraka, na mwenzake akamwachia hapo hapo. Nikasimama. Watu hawapigi mara mbili kwa kujitolea. Anayepiga amenaswa, inamuuma, anaomba aachiwe, na anamwomba aliyemnasa, hamwombi mwingine.

Siku ile ofisini aliyemnasa hakuwa Madam. Aliniangalia mimi, akagonga kwa ule mkono aliouvunja kwa kutogonga, akapiga hodi kwa Kiswahili nilichomfundisha mwenyewe, akangoja jibu. Na jibu nililijua tangu sijaota meno, na sikumpa.